Ukimya wa vyuo, kiwanja cha Ihumwa na sura ya saba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Mwezi wa Desemba niliomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uandishi bunifu, vyuo vinne vya Marekani na kimoja cha Uingereza, upande wa hadithi. Chuo kimoja cha Marekani kimeshanikatalia. Vingine vyote kimya. Nikifungua akaunti ya maombi nakuta maneno yale yale, kwamba maombi yanashughulikiwa. Februari ndiyo inaisha. Naamka saa 8 usiku kuangalia simu, na darasani naichungulia chini ya meza. Riwaya yangu ya Kiswahili niliyoifikisha sura ya saba imelala tangu Desemba, sijaongeza hata mstari. Mama anauliza kila Jumapili. Mjomba amesema chuo kikinipokea bila pesa, yuko tayari kuuza kiwanja cha familia kilichoko Ihumwa. Je, ukimya huu maana yake nimekosa? Niwaandikie kuwauliza? Na nitaishije mpaka Aprili?
Mwalimu wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo linalokuamsha usiku. Hapana, ukimya wa mwisho wa Februari si jibu. Kwa programu nyingi za Marekani huu ndio wakati kamati zinamaliza kusoma, na nyingine hazijakaa kikao cha mwisho. Ukimya wa mwisho wa Machi ni habari nyingine, na nitaufikia, maana sitaki kukutuliza kwa maneno matamu halafu Aprili ikukute hujajiandaa.

Nimefundisha fasihi na uandishi kwa miaka mingi, na nimewaandikia vijana wengi barua za mapendekezo kwenda kwenye programu hizi. Ninachokiona ni kwamba wasiwasi mwingi hutokana na kutojua kinachofanyika upande wa pili. Sisi tumezoea mifumo mikubwa. Bodi ya Mikopo ikitoa majina, yanatoka kwa mkupuo, na asiyejiona anajua amekosa au anasubiri awamu inayofuata. Idara ya MFA, yaani ya shahada hiyo ya uzamili ya uandishi bunifu kule Marekani, haiendeshwi hivyo. Ni idara ndogo: walimu wachache, wengi wao waandishi wenye vitabu vyao vya kumalizia, wanafundisha mchana na kusoma maombi usiku na wikendi. Dirisha la maombi mara nyingi hufungwa kati ya katikati ya Desemba na mapema Januari. Programu ya Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa 1936 na ambayo nyingine nyingi zilifuata mfano wake, hupata maombi zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Chukua kila mwombaji wa hadithi na kurasa zake, ambazo kwa vyuo vingi ni 20 hadi 30, kisha piga hesabu ya kurasa hizo zinazopita mikononi mwa watu wachache ndani ya wiki chache. Ndipo utaelewa kwa nini hakuna mtu wa kukujibu Februari.

Kinachosomwa kwanza, na chenye uzito kuliko vingine vyote, ni mswada uliotuma. Maelezo ya nia, barua za mapendekezo na matokeo yako ya chuo hufunguliwa kwa makini baada ya mswada kumgusa mtu. Majina yaliyobaki hujadiliwa, na hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu nafasi ni chache mno. Chuo Kikuu cha Cornell huchukua wanane tu kwa mwaka, wanne wa hadithi na wanne wa ushairi. Unaposhindania nafasi nne, binti yangu, kukataliwa hakukupangi daraja. Kamati zile hufika mahali zina miswada mizuri inayoweza kujaza darasa mara kadhaa, na kuanzia hapo kinachoamua ni masikio ya wasomaji: huyu anapenda sentensi tulivu, yule anataka hadithi yenye purukushani, mwingine anaona mwaka jana walichukua watu wa mtindo huo huo. Kwa hiyo chuo kile kilichokukatalia kimekueleza habari za darasa lake la mwaka huu. Kuhusu kalamu yako hakijasema lolote la kudumu. Nasema hivi pia kwa sababu ya upande wa pili: ukipokewa, usidhani umethibitishwa kuwa mwandishi. Kazi ni ile ile.

Sasa mpangilio wa majibu yenyewe. Waliochaguliwa hujulishwa kwanza, na mara nyingi mkurugenzi wa programu hupiga simu mwenyewe au huandika barua pepe kwa mkono wake, kwa sababu anajua vyuo vingine vinamtaka mtu huyo huyo. Baadaye hujulishwa walioko kwenye orodha ya akiba. Wa mwisho ni waliokataliwa, ambao hupata barua za pamoja kutoka ofisi ya shahada za juu, pengine mwisho wa Machi, pengine Aprili. Akaunti ya maombi unayoifungua kila saa ndiyo hujua habari mwisho kabisa: idara huchagua, hupeleka majina ofisi kuu, ofisi kuu hukagua vyeti, na baada ya hayo ndipo maneno kwenye skrini hubadilika. Kuna watu hupigiwa simu ya pongezi huku akaunti yao ikisema bado inashughulikiwa. Acha kuifungua. Haina la kukuambia.

Na ndiyo, katikati ya Machi ikipita bila simu wala barua, ujue uwezekano wa kuchaguliwa katika mkupuo wa kwanza umepungua. Mwisho wa Machi umepungua sana. Orodha ya akiba bado inawezekana. Nakuambia mapema ili usihesabu kila siku ya kimya kuwa sawa na nyingine.

Kuhusu kuamka saa 8 usiku, nina ushauri wa saa tu. Iowa wako nyuma yetu saa 9 wakati huu wa baridi yao. Ofisi yao ikifunguliwa saa 2 asubuhi, hapa Dodoma ni saa 11 jioni. Wakifunga saa 11 jioni yao, kwetu ni saa 8 usiku. Vyuo vya mashariki, kama Cornell, viko nyuma saa 8, kwa hiyo siku yao ya kazi kwetu ni saa 10 jioni hadi saa 7 usiku. Katikati ya Machi wanasogeza saa zao mbele na tofauti inapungua kwa saa moja. Ona basi maana yake. Ukiwa darasani saa 4 asubuhi unachungulia simu chini ya meza, Marekani nzima imelala. Na chochote kilichotumwa katika siku yao ya kazi kitakuwa kimeshafika kwako alfajiri. Angalia barua pepe mara moja tu kwa siku, saa 12 asubuhi, kuanzia Jumanne hadi Jumamosi. Asubuhi ya Jumapili na ya Jumatatu ni nadra kukuta kitu, maana huko ilikuwa wikendi. Angalia na folda ya barua taka, kisha funga. Hakuna nafasi inayopotea kwa sababu mtu amesoma barua alfajiri badala ya usiku wa manane. Wanakupa siku, si dakika. Simu ya kawaida iache na sauti jioni, namba za Marekani huanza na +1, na hakikisha kwenye fomu uliandika namba yako ukianza na +255. Ukishalala, umelala. Wakikukosa kwenye simu wataandika.

Kuwaandikia kuwauliza: sasa hivi, usiandike. Barua ya Februari haimsogezi mtu kwenye orodha, na anayeisoma ni karani mmoja mwenye mamia kama hizo. Mambo matatu ndiyo yanayohalalisha barua. Chuo kikitaja tarehe ya majibu kwenye tovuti yake na tarehe hiyo ikapita wiki moja au mbili. Ukipata nafasi mahali pengine wanaotaka uamue upesi, na chuo unachokipenda zaidi hakijasema. Au ukifika tarehe za kwanza za Aprili bila neno lolote. Katika hali hizo andika mistari minne: jina lako na namba ya maombi, fani uliyoomba, swali lenyewe, na shukrani. Usieleze hali ya nyumbani, usiambatanishe hadithi mpya, usiseme chuo chao ni ndoto yako ya tangu utotoni. Ukiwa na nafasi mahali pengine, taja chuo na tarehe wanayotaka jibu. Hiyo peke yake huwafanya waharakishe.

Tarehe ya kuweka kichwani ni 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano kwamba mwombaji aliyeahidiwa ufadhili halazimishwi kuamua kabla ya siku hiyo. Matokeo yake ni haya: mtu mmoja aliyechaguliwa na vyuo vitatu anaweza kushikilia nafasi tatu hadi siku ya mwisho, halafu akaachia mbili kwa mpigo. Mahali penye nafasi nne za hadithi, mmoja akijitoa ni robo ya darasa imefunguka. Ndiyo maana watu wa akiba hupigiwa simu wiki ya katikati ya Aprili, wengine siku yenyewe ya tarehe 15, na hutakiwa kujibu ndani ya siku moja au mbili. Ukiwekwa akiba usione umetukanwa. Jibu kwa adabu kwamba bado unaitaka nafasi, na uombe kujua kama wakikuchukua ufadhili utakuwa sawa na wa wengine.

Hapo ndipo tunafika kwenye kiwanja cha Ihumwa, na hapa naomba unisikilize vizuri, ikibidi umsomee na mjomba. Msiuze.

Kwanza, programu nzuri za MFA hulipa wanafunzi wao. Cornell, Michigan kule Ann Arbor na kituo cha Michener kule Austin, Texas, huchukua wanafunzi wachache kwa sababu kila anayeingia anasamehewa karo na kupewa posho ya kuishi, pengine kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza, pengine bila hata hilo. Chuo kinachokupokea bila senti kimekupa nafasi ya kukilipa. Katika vyuo binafsi vya New York karo ya mwaka mmoja inaweza kupita dola 50,000, kabla hujala wala kulala, na masomo ni miaka miwili au mitatu. Kiwanja kikigharamia muhula wa kwanza, wa pili utatoka wapi? Na hii si shahada ya udaktari au uhandisi ambayo mtu anaweza kupiga hesabu ya mshahara utakaorudisha deni. Mwandishi wa hadithi hulipwa kwa kuchelewa, na mara nyingi kidogo.

Pili, wapo watakaomwambia mjomba kwamba ukifika utafanya kazi. Viza ya mwanafunzi, F-1, hairuhusu hivyo. Wakati wa masomo unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo. Kazi ya nje bila kibali inaweza kukufukuzisha nchini.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza ninapoona familia inauza mali: kabla chuo hakijakupa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huwezi hata kwenda kwenye usaili wa viza, lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza zipo. Maana yake kiwanja kingeuzwa kabla ya viza kujulikana. Tangu 2025 Marekani imekaza masharti ya viza kwa Watanzania, na yanaweza kubadilika tena kabla ya Agosti. Familia inaweza kubaki bila ardhi na bila safari. Ihumwa iko jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Ardhi ile inapanda thamani ukiwa umelala.

Mjomba ameonyesha upendo ambao wengi hawaupati, na asijibiwe kwa mkato. Mwendee nyumbani, kaa naye, mshukuru, mwambie kiwanja kibaki. Akitaka kusaidia kwa kweli, zipo gharama ambazo hata mwenye ufadhili kamili hukwama nazo: ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, ada ya viza dola 185, tiketi ya ndege, na pesa ya kujikimu mwanzoni, kwa sababu posho ya kwanza mara nyingi huja mwezi mzima au zaidi baada ya kufika, na mwenye nyumba wa huko hasubiri. Harambee ya namna hiyo ukoo unaiweza bila kuuza ardhi.

Wiki hii, ukiwa na akili tulivu, andika kwenye karatasi masharti yako. Karo yote isamehewe. Posho itoshe kodi ya nyumba na chakula katika mji ule, na ujue kama ni ya miezi 9 au 12, kwa sababu miezi mitatu ya kiangazi bila posho imewaadhiri wengi. Bima ya afya iwemo. Ufadhili uwe wa miaka yote, si wa mwaka wa kwanza pekee. Karatasi hiyo ikiwa tayari, simu ya usiku wa tarehe 15 Aprili haitakuyumbisha, wala furaha haitakufanya useme ndiyo kwa jambo ambalo ungelikataa mchana.

Uliza pia, ukipewa nafasi, kama chuo kinaruhusu kuahirisha kuanza hadi mwaka unaofuata iwapo viza itakataliwa au kuchelewa. Baadhi huruhusu, baadhi hukutaka uombe upya. Kama huna pasipoti, hiyo ni kazi ya sasa: ada ni shilingi 150,000, kitambulisho cha NIDA kinahitajika, na huhitaji kusubiri chuo chochote. Pasipoti itakufaa hata ukienda Nairobi kwenye tamasha la vitabu. Usaili wa viza hufanyika ubalozini Dar es Salaam, na siku hizi kwa treni ya SGR si safari ya kukutisha. Lakini usilipe ada yoyote ya viza kabla hujasoma tangazo jipya la ubalozi wenyewe.

Chuo chako cha Uingereza kina utaratibu wake. Kule hakuna 15 Aprili. Majibu hutoka kadiri maombi yanavyosomwa, na kozi kama ile ya Chuo Kikuu cha East Anglia, iliyoanza 1970, kwa wanaosoma muda wote ni mwaka mmoja. Kasoro ni kwamba kupokewa na kufadhiliwa ni maombi mawili tofauti. Unaweza kupokewa Machi na kuombwa malipo ya awali ya kushikilia nafasi wakati huna mfadhili. Usilipe. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, ikitaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na majibu yake hutoka katikati ya mwaka unaofuata. Kama hukuomba mwaka jana, ya safari hii imepita. Afrika Kusini nako kuna shahada za uzamili za uandishi bunifu katika vyuo vikuu vya Cape Town na Wits, na nashangaa vijana wetu wengi hawazitazami kabisa.

Kazini, usimtangazie kila mtu. Mkuu wa shule peke yake ajue kwamba huenda ukaomba ruhusa ya masomo, kwa kuwa barua hiyo itapita kwake kwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji na haiandikwi kwa siku mbili. Na usiache kazi kabla ya viza kugongwa kwenye pasipoti.

Mama naye anahitaji tarehe. Anachouliza kila Jumapili si kukusumbua, ameona unakonda. Mwambie: "Mama, jibu la mwisho nitalijua baada ya tarehe 15 Aprili. Nikipata kabla, wewe wa kwanza. Nikinyamaza ujue na mimi sijui." Utashangaa Jumapili zitakavyokuwa nyepesi.

Usingizi nao nisiupite. Kukosa usingizi siku mbili tatu ni kawaida ya anayesubiri. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, moyo unakwenda mbio bila sababu au machozi yanakujia darasani, nenda ukaonane na daktari. Hapa Dodoma jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, hutumika kama tusi, na ninalichukia tusi hilo, kwa sababu limewafanya watu wazima wakae na mateso yanayotibika. Kwenda kueleza kwamba hulali si aibu.

Nimeibakiza riwaya yako kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Umefika sura ya saba. Mwalimu mwenye vipindi, madaftari ya kusahihisha na maji ya kuchota, akafika sura ya saba! Halafu umeiacha miezi miwili kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuiona. Ulichowatumia ni kurasa zako za Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili haiko mezani kwao, hakuna kamati inayoijadili, hakuna kiongozi wa programu atakayeikubali wala kuikataa. Ni ya kwako yote. Na ina milango yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza 2023, Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ya Kiswahili ambayo bado haijachapishwa. Hawaombi cheti cha IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Wanaomba mswada uliokamilika, na wa sura sita na nusu haujakamilika.

Najua utaniambia kichwa hakitulii. Kweli, na sikuambii uandike sura nzima. Kwanza, usiusome tena mswada uliowatumia. Kila anayesubiri huusoma, huona koma iliyokosewa ukurasa wa tatu, na siku nzima huharibika kwa jambo lisilorekebishika. Kisha chukua daftari la shule la kawaida, simu ibaki chumba kingine, na unakili kwa mkono ukurasa wa mwisho ulioandika Desemba. Nakili tu. Mkono ukifika mwisho wa ukurasa mara nyingi huendelea wenyewe, kwa sababu sauti ya hadithi imerudi sikioni. Usipoendelea, funga, kesho nakili tena. Alfajiri, ukishaangalia barua pepe hiyo mara moja, una nusu saa kabla ya kujiandaa kwenda shule. Nusu saa inatosha.

Jambo la pili ulilokuwa unalifuata Marekani, ukiacha muda na posho, ni wasomaji. Kiini cha programu hizi ni meza moja yenye watu kumi hivi ambao wamesoma kurasa zako kwa makini, nawe unanyamaza wakati wanazijadili. Ndivyo ilivyozoeleka Iowa na ndivyo wengi walivyoiga. Meza hiyo inawezekana Dodoma. Kuna wanafunzi wa UDOM na wa Mtakatifu Yohana wanaojaza madaftari ya hadithi na mashairi bila msomaji hata mmoja. Tafuta watatu au wanne. Kila mmoja atume kurasa 10 siku ya Jumatano, mkutane Jumamosi mchana maktaba ya mkoa au barazani kwa yeyote, mwenye kurasa asijitetee mpaka wengine wamalize. Sheria moja muhimu: msemaji aonyeshe mstari. "Imenigusa" au "haijakaa sawa" havimsaidii mwandishi. Aseme ni sentensi gani na kwa nini. Anza hata kabla ya Machi kufika katikati. Ukipata safari, utakwenda ukiwa umezoea kusomwa, na wenzako wataendelea. Usipoipata, una kile ambacho waombaji wengi hulipia karo kukipata.

La mwisho ni walimu wako waliokuandikia barua za mapendekezo. Waandikie siku utakayopata jibu lolote, zuri au baya, kwa ujumbe mfupi wa shukrani, kwa kuwa waliandika wakati wana kazi zao, na wengi hawajui kamwe iliishia wapi. Kama itabidi uombe tena Desemba ijayo, warudie mapema, kabla ya Oktoba, na usiwapelekee mswada ule ule. Wapelekee hadithi mpya itakayotoka kwenye hiyo meza ya Jumamosi.